Miaka Niliyomsemea Binti Yangu

Asubuhi nzima ya siku ya kwanza ya mafunzo ilikwisha tukibishania jina. Mwezeshaji, kijana aliyetumwa kutoka Dar es Salaam, alisema tuseme usonji. Tabibu mmoja aliyekaa mbele akasema chuoni alifundishwa otizimu, hakumbuki kusikia usonji. Muuguzi akauliza kama hiyo si sawa na mtindio wa ubongo. Mwingine akasema kijijini kwao wanaita taahira tu, watu wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba binti yangu ameketi pale karibu na mlango. Wakashusha sauti, wakaendelea. Mpaka chai inaletwa, ubaoni palikuwa na maneno manne, matatu yamekatwa, na hakuna aliyekuwa ameuliza jina lake yeye.

Nilikuja Kasulu kutoka Kibondo kwa sababu moja. Binti yangu, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, alikuwa na miezi mitano analala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, tumbo amelibana chini. Anaamka, anazunguka uani, anarudi kulala vilevile. Chakula anakiacha. Nilimpeleka kupimwa mara tatu, na mara zote tatu tulirudi na dawa za minyoo. Mara ya mwisho, tabibu alipotaka kumgusa tumbo, binti alimpiga mkono. Tabibu akaniambia, "Mzee, huyu mpaka afungwe, au achomwe sindano ya usingizi. Mimi sina watu wa kumshika."

Ndipo afisa ustawi wa jamii aliponiomba nije kwenye mafunzo ya siku mbili, niwaeleze watumishi wa afya jinsi mzazi anavyoishi na mtoto mwenye usonji na ulemavu wa akili. Nikamwambia nitakuja, ila mmoja wa hao watumishi ampime mwanangu, ampime kweli. Akakubali.

Mwanangu anaelewa Kiha na Kiswahili. Kusema, anasema kidogo. Ukimuuliza jambo anatazama pembeni, anatikisa vidole, na unaweza kuhesabu hadi ishirini kabla neno halijatoka. Tena ni neno moja, mara chache mawili. Watu wengi huuliza, wakikosa jibu hapo hapo huuliza tena kwa sauti kubwa, na yeye huanza upya kulitafuta lile neno. Mimi nilikuwa simngoji hata hivyo. Nilikuwa namjibia.

Hiyo ilikuwa kazi yangu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mhudumu wa afya Kibondo, nikifua mashuka, nikichemsha vifaa, na zaidi ya yote nikitafsiri. Matabibu waliletwa kutoka Mbeya, Tanga na Kilimanjaro, hawajui Kiha. Bibi anaingia, anaeleza habari zake kuanzia msiba wa mwaka juzi mpaka mbuzi aliyepotea, nami namgeukia tabibu: "Kichwa, siku tatu." Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofunguliwa tena niliwatafsiria na Warundi, maana lugha zetu zinakaribiana. Nilisifiwa kwa kufupisha. Nikafika mahali pa kumaliza maneno ya watu kabla hawajayasema. Na wasiosema kabisa niliwatafsiria pia, kwa kuwatazama tu. Sijui ni wangapi niliwapa magonjwa yasiyo yao.

Mmoja wao namjua, ni binti yangu. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alianza kujipiga kichwani kwa kiganja, upande wa kushoto, kutwa nzima. Mama yake akasema kuna kitu kinamuuma. Nilimpeleka kazini kwangu, tabibu akauliza, nami nikajibu kama kawaida, "Ndivyo alivyo, daktari, ni tabia za ugonjwa wake." Kwa kuwa nilikuwa mwenzake hakumtazama hata sikioni. Wiki ya tatu usaha ulitoka ukilowesha mto. Tangu hapo sikio lile halisikii. Mama yake hakunilaumu kwa mdomo, lakini hakuniruhusu tena nimpeleke peke yangu hospitali, mpaka alipofariki.

Basi mchana ule mwezeshaji akasema sasa ni zoezi kwa vitendo, akaomba mwanangu aje mbele. Nilimsimamisha mimi, nikamketisha kwenye kiti, nikasimama nyuma yake. Tabibu aliyejitolea akauliza, "Unajisikiaje leo?"

"Tumbo linamsumbua," nikasema.

"Limeanza lini?"

"Miezi mitano."

"Anakula?"

"Anaonja tu."

Tabibu alikuwa ananitazama mimi usoni, nami namtazama yeye, mambo yanakwenda vizuri. Ndipo muuguzi mmoja mnene, wa hapa hapa Kasulu, akanyoosha mkono. "Shikamoo mzee wangu. Samahani, naomba kuelewa. Mgonjwa ni wewe au ni yeye?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamwambia, "Sista, mimi nimeifanya kazi hii wewe hujazaliwa."

"Ndiyo maana nasema, baba. Umefanya kazi sana, pumzika."

Wakacheka tena. Nilitaka kumrudishia. Lakini yeye alikuwa ameshafika mbele, ananiuliza taratibu kama kuna jambo analopaswa kulijua kuhusu binti. Nikamweleza la sikio. Akahamia upande wa kulia, akavuta kiti kifupi, akakaa chini kidogo kuliko yeye. "Mwakeye," akamsalimu, halafu akamuuliza kwa Kiha kama anaumwa, na nani akae naye wakiongea. Akanyamaza.

Sijawahi kuona watu wazima wakiteseka kwa ukimya kiasi kile. Simu ikaita. Mtu akakohoa. Tabibu akanong'ona, "Sista, tutalala hapa?" Mimi nilifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili yule muuguzi akaniinulia kiganja bila kunitazama. Mwanangu alitikisa vidole, akatazama dirishani, nikawa na uhakika amesahau swali.

"Data, genda," akasema.

Data ni baba kwa Kiha. Aliniambia niondoke. Waliojua Kiha wakacheka wa kwanza, wengine wakafuata walipotafsiriwa. Niliona haya, kisha nikaona hasira, kisha nikaenda nje.

Ukumbi ule ulikuwa wa kituo cha afya, na chumba cha kupimia kilikuwa ng'ambo ya uwanja. Niliwaona wakivuka, muuguzi yuko upande wa kulia. Nilikaa kwenye benchi la korido karibu saa nzima. Muuguzi alipotoka alikaa kando yangu.

"Baba, mama yake yupo?"

"Alifariki, ni mwaka wa pili sasa."

"Na nani anamsaidia siku zake?"

Kwanza sikuelewa. Nilipoelewa nilisema anajisaidia mwenyewe, lakini ukweli ni kwamba sikuwahi kujua. Nilikuwa nimeona khanga za marehemu zikipungua sandukuni. Nilimwona akifua alfajiri kabla sijatoka, nikadhani ni tabia mpya.

"Anatoka damu nyingi sana, na kuna uvimbe hapa chini. Amenionyesha mwenyewe. Nguo amefungua mwenyewe, hata sikumshika. Zile mara tatu alizopimwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa humo ndani. Nilikuwa namshika mikono."

"Basi," akasema.

Mimi niliyevuta mapazia ya wanawake wa watu kwa miaka thelathini! Nimewatoa waume chumbani, nimewatoa baba wakwe, nimegombana na mzee mmoja aliyetaka kubaki wakati binti yake anapimwa. Dada zake huyu nimewalea, hakuna aliyewahi kupita mbele yangu na khanga moja tangu walipovunja ungo. Ila huyu nilimvua nguo mbele yangu mara tatu, nikamshika viganja, na alipompiga tabibu mkono nikamwomba radhi tabibu. Niliamua kwamba asiye na maneno hana aibu. Na wale matabibu watatu, wenye vyeti ukutani, waliamua vivyo hivyo bila kuniuliza.

Siku ya pili ilikuwa zamu yangu ya kuzungumza. Nilikuwa nimeandika kurasa nne kuhusu uvumilivu wa mzazi. Niliziacha mfukoni nikawaeleza haya, na la sikio nikalieleza. Niliona wachache wanaandika. Muda wa maswali ulipofika, wa kwanza aliuliza kama vyeti vitatolewa leo au vitatumwa. Wa pili alikuwa kijana nadhifu, tabibu.

"Mzee, pole sana. Sasa mgonjwa kama huyo ambaye hajielezi, sisi tutajuaje kama anaona aibu?"

"Wewe ukivuliwa nguo mbele ya baba yako utajisikiaje?"

Akacheka. "Lakini mzee, mimi ni mzima."

Nikarudi kitini kwangu. Mwezeshaji akaandika FARAGHA ubaoni kwa kalamu nyekundu, akapiga mistari miwili chini yake, akasema tumebanwa na muda. Wakafanya mtihani wa mwisho. Nilisikia wote wamefaulu.

Wiki iliyofuata tulirudi Kasulu kupiga picha ya utrasaundi. Muuguzi yule alikuwa ameandika kwenye daftari la mwanangu, kwa herufi kubwa: aingie na mhudumu wa kike, simama kulia kwake, uliza mara moja kisha subiri. Nikamfikisha mwanangu mlangoni, nikakaa nje. Haukupita muda mlango ukafunguliwa, akatoka yule yule kijana wa swali.

"Aa, mzee! Bora ni wewe. Ingia umshike."

"Soma daftari, daktari."

"Nimelisoma. Hajibu."

"Umesubiri?"

"Mzee, tazama foleni hiyo."

Nikaitazama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanigeukia: "Si uingie tu, baba, umalize? Wote tungeshaondoka." Alikuwa na haki yake. Ningeingia, ningemshika, ningesema haimuumi, na dakika moja ingetosha. Nilibaki nimekaa. Kijana akaguna, akaenda kumwita mhudumu wa kike, na foleni ikaninunia mpaka wakamaliza.

Picha ilipatikana, uvimbe umeonekana, na wamesema upasuaji hauna budi kufanyika. Nilidhani sasa tumevuka. Juzi nikaitwa ofisini, nikawekewa fomu ya ridhaa na kalamu juu yake.

"Saini hapa, mzee, kwa niaba yake."

"Yeye mmemweleza?"

"Haelewi, mzee."

"Nani kasema?"

Mmoja akanisogezea faili. Aliyesema ni mimi. Imo kwenye faili lake la zamani lililoletwa kutoka Kibondo, imeandikwa kutoka kinywani mwangu, *mzazi anasema mgonjwa haelewi*, na kila anayelifungua anaisoma.

Upasuaji sitauzuia. Ikibidi nitasaini, sina ujinga wa kumwacha avuje damu kwa ubishi wangu. Lakini nimewaambia aelezwe kwanza atakatwa wapi na kwa nini, aelezwe na mwanamke, na mimi nisiwepo. Wameniambia nawachelewesha. Nikamtafuta yule muuguzi kwa simu, akasema Alhamisi ana zamu ya jioni, hivyo asubuhi yote ataweza kukaa naye. Fomu nimeiacha mezani kwao bila saini.