Vibao Vyembamba vya Shemeji

Kaka wa mke wangu alipostaafu kazi ya ofisini mjini Same, alitangaza kwamba sasa atakuwa fundi wa visu. Alikuwa ametazama video kwenye simu kwa miezi miwili. Mimi nimeshika tupa tangu utotoni, kwenye karakana ya marehemu baba kule Ngujini, nikamsikiliza kama ninavyosikiliza redio ya jirani.

Akaja kwangu Lembeni na mfuko wa vibao vya mninga vya kutengenezea mipini. Vyote vilikuwa vimekatwa kwa mashine, saizi moja, unene wa milimita sita, urefu sawasawa na mkia wa kisu, yaani ile sehemu ya chuma inayobanwa katikati ya mbao mbili. Alivipanga juu ya benchi langu kama sabuni za dukani. Akanieleza kwamba sisi mafundi wa kienyeji tunaharibu mbao: tunachukua kipande kikubwa, halafu nusu yake inaishia kuwa vumbi chini ya miguu.

Mtoto wa darasa la tatu angeliona kosa lake. Kibao lazima kiuzidi mkia pande zote, na kiwe kinene, ili tupa na msasa vikishakula sehemu yao ubaki mpini wa kujaza kiganja. Tena mkono hupimwa kabla ya mbao. Baba alikuwa akiushika mkono wa mteja muda mrefu hadi wengine wakadhani anawasalimia.

Sikumwambia lolote kati ya hayo. Nilisema tu, "Vizuri, shemeji. Endelea."

Aliendelea. Alipopiga msasa, mbao zikaliwa na chuma kikatokeza pembeni kama mbavu za mbuzi wa kiangazi. Akakisaga hata chuma chenyewe, akapata mpini mwembamba kama rula, akauita mtindo wa kisasa. Nilimwita jirani yangu, fundi baiskeli, aje aone, tukacheka baada ya shemeji kuondoka.

Kisu cha kwanza alimzawadia dada yake. Nilikiona jikoni kwangu nikakiacha palepale. Nilitaka kimwaibishe shemeji mwenyewe, mbele za watu.

Jumamosi moja tulichinja mbuzi kwa ajili ya kipaimara cha binti yetu. Mke wangu alikuwa akitenganisha kiungo cha paja kwa kisu kile cha kaka yake, mikono imejaa mafuta. Mpini ukazunguka kiganjani, vidole vikateleza hadi kwenye makali. Zahanati walimshona nyuzi saba. Kidole cha kati hakikunjiki vizuri hadi leo.

Tukiwa tunarudi nilianza kumtukana kaka yake: ujinga wake, mfuko wake, simu yake. Mke wangu aliniacha nimalize.

"Yeye hakujua," akasema. "Wewe ulijua."



Shemeji alikuja kesho yake na mkewe, wameleta mkate na soda, akasema dada yake alikishika kisu vibaya. Nilimdharau upya, ila safari hii dharau haikuwa na ladha yoyote. Nilimweleza habari yote ya unene, kipimo kwa kipimo, mbele ya mkewe. Akanisikiliza kama mimi nilivyomsikiliza mwanzo.

Jeraha lilipopona niliomba kuupima mkono wa mke wangu. Aliunyoosha bila kunitazama. Mkono usiofumba sawasawa unataka mpini mnene zaidi, hivyo nilikata mninga wenye unene mara tatu ya ule wa shemeji. Alikijaribu kisu kwenye kitunguu, akaniagiza nipunguze kidogo upande wa kidole kidogo. Nikapunguza.

Shemeji bado anauza visu vyake Same, na wapo wanaonunua. Nikipita pale husimama, nikamwambia kila mteja kwa sauti kwamba mpini ule ni mwembamba na kisu kitamkata. Shemeji huwaambia nina wivu. Baadhi yao huniamini.