Nyama ya Ijumaa

Ukipeleka chakula kituo cha polisi, askari hakipokei hivi hivi. Anakuambia ufunue bakuli, uonje mwenyewe mbele yake, umeze, ndipo akipeleke seli. Wanaogopa sumu. Kila siku mchana nilisimama kwenye kaunta na kijiko mkononi kama mtoto anayepewa dawa, nikameza ugali na sukuma, askari akinitazama koo.

Aliyekuwa ndani ni mpangaji mwenzangu hapa Baba Dogo, mama wa Kihabeshi. Vyumba vyetu vilitenganishwa na ukuta mmoja, na bomba la maji ni hilo moja la ploti nzima. Alikuwa akishona mapazia katika duka moja kule Eastleigh. Alitoroka kwao baada ya mumewe kuchukuliwa asirudi, na waliomchukua wakaanza kumuulizia na yeye. Hayo aliniambia mara moja tu, nami sikumchokonoa. Karatasi yake ya ukimbizi iliisha muda, akaambiwa asubiri nyingine. Alikuwa bado anasubiri aliposhikwa akitoka kazini.

Tulijuana vizuri Ijumaa moja, nilipochinja kuku kwa ajili ya wageni wa kanisa. Nikampelekea paja, akakataa. Mtu akikataa chakula changu mimi hukasirika, sifichi. Akanieleza kwamba kwa dini yao, Jumatano na Ijumaa hawagusi nyama wala maziwa wala mayai, na yeye hajawahi kuuvunja mfungo huo tangu utoto. Kisha akaangalia sahani yangu.

"Na wewe mama, mbona una mboga tupu?"

Nikamwambia kwetu magharibi wanawake wa rika langu hatukulishwa kuku. Tunamfuga, tunamchinja, tunampika, wanaume na wageni wanakula. Binti zangu wanamla na kunicheka. Mimi hapana. Yule mama akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema kumbe tuko sawa, ila mfungo wangu hauna Jumapili.

Aliposhikwa hatukuanzia kwake. Tulikuwa tayari wanawake kadhaa, wa kanisa na wa msikiti, tunaopelekea chakula wakimbizi waliofungiwa na kukaa kortini siku za kesi zao. Tunasimama pia barabarani na mabango, tukisema mtu aliyekimbia kifo hafai kufungwa kama mwizi. Kuna wakili kijana anayetusaidia bila malipo. Yeye alituambia mtu anayeletewa chakula kila siku ni vigumu kupotezwa. Nikaona ni kweli. Bango askari hulipita. Bakuli lazima alishike.

Hakimu aliamuru huyo mama asitolewe nchini mpaka kesi yake isikizwe Jumatatu. Kwa hivyo tulitaka kitu kimoja tu: Jumatatu imkute bado yumo.

Siku za kwanza nilimsikia. Bakuli likiingia, sauti yake ilitoka nyuma ya mlango wa chuma: "Mama, nimepata." Basi, ninaenda zangu. Alhamisi sikusikia kitu. Askari wa zamu alikuwa mgeni, mnene, mtu wa mizaha. Akasema amelala. Bakuli likarudi tupu. Nilipouliza tena akaniita shosho, kama bibi yake, akaniambia hii si hoteli, wageni hawasalimiwi.

Nilirudi nyumbani na mawazo mabaya. Labda ni mgonjwa. Labda amekata tamaa, hataki kuongea. Na lile bakuli tupu linaniambia nini? Ugali na sukuma hula yeyote.

Ijumaa nikanunua nyama ya ng'ombe, ile ya mifupa. Mke wa mwanangu aliniona nikikaanga, akanikumbusha ni siku gani. Nikamwambia najua. Akauliza kama nataka mama wa watu alale njaa.

"Leo nataka alale njaa," nikamwambia.

Akaondoka. Nadhani aliona uzee umenianza.

Kituoni nilimkuta yule yule mnene. Nilipofunua bakuli akauliza kama kuna harusi. Nikaonja. Ilikuwa imeiva vizuri, na nilipoimeza nikamwomba Mungu bakuli hilo lirudi jinsi lilivyo, limejaa mpaka juu. Nikakaa kwenye benchi. Nyuma ya ule mlango nikasikia wanaume wakicheka, halafu kimya.

Akanirudishia bakuli kwa mikono miwili, kwa adabu. Mifupa ilikuwa imenyonywa ikawa myeupe, na mchuzi umepanguswa.

"Amekula?" nikauliza.

"Yote, shosho. Anasema leo umepika."

Nikamwambia asante mwanangu. Sikutaka anisome usoni. Nilitembea polepole mpaka nje ya lango, ndipo nikakaa chini pale pale kwenye vumbi na kumpigia wakili. Hakuniuliza mara mbili. Akakimbia kutafuta wakubwa. Jumamosi na Jumapili sisi wanawake tulizunguka kituo hadi kituo na chakula mkononi, tukimtaja jina. Kila kaunta walisema hawamjui.

Jumatatu kizimba kilikuwa kitupu. Hakimu akauliza mshtakiwa yuko wapi, wakatazamana. Mwishowe mmoja akasema alishavushwa mpaka. Tangu lini? Tangu Jumatano jioni. Hakimu alifoka, akaagiza wakubwa wao waje kujieleza. Kesi hiyo ingali inavutwa huku na huku, nasi tungali tunaikalia mabenchi ya nyuma. Simu ya huyo mama haijaingia mpaka leo.

Tangu hapo, mtu aliyekimbia kwao akinijia, kabla sijamuuliza jina namuuliza asichokula. Wengine hudhani nataka kuwaalika chakula.

Siku hizi kuna gari jeupe linalosimama ng'ambo ya lango letu. Wanaume wawili, vioo vimepandishwa. Mwenye duka la pembeni aliniambia waliulizia chumba cha yule shosho wa kesi za wakimbizi.

Juzi chumba cha yule mama, cha ukutani mwangu, kilipata mtu, msichana kutoka Burundi. Nilimkuta bombani akichota maji, nikamuuliza swali langu. Akasema hali mbuzi, harufu yake humchefua. Akataka kujua kwa nini nauliza. Nikamweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa, bila kumpunguzia. Mtungi wake ukajaa, maji yakamwagika, hakufunga bomba. Alikuwa akitazama langoni.

"Na wewe, mama," akasema, "huli nini?"

Nilitaka kumwambia mimi ni mwananchi, nina kitambulisho, nimezika wazazi katika nchi hii, nani anifungie? Gari lilikuwa pale.

"Kuku," nikamwambia. "Siku yoyote."