Ndiyo Niliyoisema Mimi

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Bihambwe, kule Masisi. Vita vilipotutoa huko nilishuka Walikale kutafuta kazi, na kampuni moja ya mbao ikanichukua niwe mkalimani, kwa kuwa nilijua Kifaransa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mkutano na Wambuti, wenyeji wa msitu wa upande wa Buleusa. Kampuni ilitaka wakubali miti ikatwe. Nao wangejengewa zahanati. Tulikaa juu ya magogo, manyunyu yakitulowesha. Mama mmoja mzee, mkunga wao, akauliza:

"Papa, tutaendelea kuingia mu pori kutafuta dawa? Miti yetu ya maganda iko kule ngambo ya muto."

Nikamtafsiria mkubwa wa kampuni. Akatazama saa yake, akajibu kwa Kifaransa kwamba hilo litaangaliwa baadaye. Watu wote walikuwa wakinitazama mimi. Nilikuwa na siku tatu tu kazini, nikaogopa mkutano usije ukavunjika mikononi mwangu.

"Anasema ndiyo, Mama."

Wakatia vidole gumba kwenye karatasi.

Zahanati ilijengwa kweli, kuta na mabati. Muuguzi hakuja. Kilichokuja upesi ni bariere, kizuizi cha kampuni katikati ya barabara ya msituni, na walinzi wake.

Miezi michache baadaye nilimkuta yule mama hapo kwenye bariere, kikapu kitupu mgongoni. Mkwe wake alikuwa amejifungua na damu haikatiki. Walinzi walikuwa wamemrudisha mara mbili alipotaka kupita kufuata maganda ya dawa.

"Uwaambie," alinishika mkono. "Uwaambie mukubwa wao alikubali."

Niliwasihi walinzi, wakakataa. Akanitazama tena, akingoja niseme yale maneno.

"Mama, hakukubali. Ni mimi njo nilisema ndiyo."

Hakunitukana. Aliuachia mkono wangu, akageuka, akarudi alikotoka.

Mkwe alifariki juma lile lile. Nikaacha kazi, nikaenda mazikoni, nikasimama mbele ya wote na kueleza nilichokifanya. Mume wa marehemu aliniuliza jambo moja tu:

"Ile karatasi, banaweza kuifuta?"

"Hapana, kaka."

Wakaendelea kufukia kaburi. Nilinyoosha mkono nipewe jembe niwasaidie. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenipa.