Msichana Niliyemfukuza Ndiye Aliyeona Kifua cha Mtoto Wangu

Admin, nifiche jina. Nina miaka 29, naishi Ruiru na mume wangu na kijana wetu wa miezi tisa. Najua mtanitusi. Tusini tu, lakini mmalize kusoma.

Julai mtoto alianza kukohoa. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Thika, na huyo shosho, nyanya wa mtoto, anaogopa upepo sana: sweta mbili, boshori kichwani, shali, halafu blanketi juu. "Akishikwa na baridi ni wewe nitauliza," aliniambia. Nikamvalisha zote, eti heshima.

Asubuhi moja nikitoka kwenda kazi, msichana wetu wa kazi, nimwite Wanza, akanivuta kando. "Anti, jana nikimwogesha nimeona akivuta pumzi hapa chini ya mbavu panaingia ndani. Na anapumua mbio hata akilala. Mtoe nguo uangalie." Shosho akasikia. "Ati ulimwogesha? Na baridi hii? Hakuna mtu anatoa huyu mtoto nguo!" Nami sikumtoa. Niliogopa kelele za mama ya bwanangu. Nikampa dawa ya kikohozi nikaenda zangu.

Kesho yake alikataa kunyonya, midomo ikawa ya buluu. Hospitalini daktari alifungua hizo nguo zote, na sote tukaona kifua kikibonyea kila akivuta pumzi. "Hii ni nimonia. Hamkuona?" Shosho akajibu mbio, "Ni msichana wa kazi, alimwogesha na maji baridi." Mume wangu akanigeukia. "Ni ukweli?"

Nikasema ndiyo. Ngai, Mungu wangu! Na hayo maji nilichemsha mimi mwenyewe.

Mtoto alikaa kwa oksijeni siku sita, akapona. Wanza nilimfukuza siku ile ile tulipofika hospitalini. Shosho aliambia majirani wa ploti nzima kwamba msichana alitaka kuua mtoto, na hakuna mama hapa anaweza kumwandika kazi tena.

Juzi nikamkuta huko Kamakis akiosha sahani kwa hoteli ya nyama choma. Nilitaka anitusi, niondoke nikiwa na hasira. Akapanguza mikono, akaniuliza tu, "Mtoto anapumua poa?"

Sasa kila nikimvalisha mtoto nainua sweta naangalia mbavu, vile Wanza aliniambia. Shosho anarudi Jumapili, na bwanangu bado anamsifu eti aliokoa mtoto kwa kumtaja Wanza. Nikisema ukweli, hii nyumba inaweza kuvunjika. Nikinyamaza, yule msichana atabaki kuitwa muuaji. Nishaurini, nitaanzaje?