Onyo Langu Mwenyewe Mbele ya Wakwe

Nianze kwa kukiri kwamba hata leo, na miezi imeshapita, sipendi kukaa safu ya mbele msikitini kwetu Chundwa, na si kwa unyenyekevu, ni kwa sababu nyuma yangu kuna watu wenye kumbukumbu nzuri, nami nikigeuka kutoa salamu humwona angalau mmoja anazuia tabasamu kwa juhudi, na najua anakumbuka nini. Alhamdulillahi kwa kila hali. Mtu aliyefundisha dini tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi anahitaji kuaibishwa mara mojamoja ili asijisahau, lakini mimi (Mola anisamehe) ningependelea niaibishwe kwa jambo dogo zaidi, na isiwe siku ya nikahi ya mwanangu.

Mwanangu huyo ni Salma. Alikwenda Uarabuni na mumewe wa kwanza, mume akafia huko, Mola amrehemu, naye akabaki akishona nguo dukani kwa watu, na tangu hapo nauli na ruhusa havijakutana: pakipatikana nauli ruhusa hakuna, na pakipatikana ruhusa nauli imekwisha. Mimi na mamake, Bi Rukia, tumekuwa na mwana wa sauti. Anatuma ujumbe, Bi Rukia anausikiliza huku anapeta mchele, akimaliza anaurudia, kisha ananiuliza kama ni masikio yake au mtoto ana mafua. Simu za picha za watsapu hazipiti kule aliko, kwa hiyo uso wake tulikuwa tunauona kwenye picha tu, na picha, hata iwe nzuri namna gani, haikugeukii ukiita.

Sasa, nyumbani nina kompyuta kuukuu inayotumia mfumo wa Linux, ambayo niliifunza kazi mwenyewe, pole pole, kama nilivyofunzwa kusoma vitabu vya fiqhi, mstari kwa mstari na kurudi nyuma pasipoeleweka. Nimeiunganisha na televisheni ya ukumbini, na pia ndiyo inayosimamia waifai ya nyumba nzima: simu yoyote ikitaka kwenda tovuti fulani, kwanza huiuliza kompyuta yangu ndia, nayo huielekeza. Siku moja baada ya alasiri nimekaa na wazee wenzangu tunasikiliza kisomo cha Qur'ani kwenye televisheni hiyo, mara katikati ya aya ukaturukia ukurasa wa kamari, una mwanamke aliyevaa kitambaa kisichotosha hata kufunikia sahani, anatukonyeza. Wazee wote waliangalia dari. Shemeji yangu Athmani, kakake Bi Rukia, ambaye hajapata kunyamaza panapostahili kunyamaziwa, alisema, "Huyu naye amekuja kusikiliza, mpisheni akae."

Kuanzia siku ile nikalivalia njuga jambo hilo. Nikawa naandika majina ya tovuti mbaya kwenye kompyuta ili zikiulizwa zisijibiwe, lakini ilikuwa kama kufukuza kunguru kwenye samaki wa kuanika, unamfukuza huyu wa kulia, wa kushoto ameshabeba. Kila nikizuia jina moja linakuja jingine lenye herufi mbili zaidi. Ndipo nikafanya uamuzi mdogo, uamuzi wa mstari mmoja tu, ambao siku ile niliuona ni hekima: badala ya kuzuia mabaya na kuruhusu mengine, nikazuia kila kitu kilichoko duniani, kisha nikaruhusu vichache ninavyovijua, yaani kisomo, habari, hali ya bahari, na watsapu kwa ajili ya Salma. Kimya kikatanda. Nikalala usingizi mzuri.

Ningeishia hapo ningesalimika, lakini kazi ikimwendea mtu vizuri humtia hamu ya kuipamba. Nikaona si haki mtu azuiwe bila kupewa mawaidha, basi nikatengeneza ukurasa, ili yeyote atakayetaka kwenda nisikoruhusu aletwe kwenye ukurasa huo, wenye maandishi mekundu makubwa. Na kwa kompyuta ya ukumbini nikaongeza sauti, sauti yangu mwenyewe, ile ya mimbari, niliyoirekodi mara kadhaa mpaka ikatoka na uzito nilioutaka. (Bi Rukia alinisikia nikirekodi, akadhani nagombana na mtu.)

Basi Salma akaposwa. Mume mwenyewe ni mtu wa Lamu anayefanya kazi huko huko, mjane kama yeye, mpole, nasi tukamshukuru Mungu. Ikapangwa kwamba nikahi ifungwe kule, shekhe wa kule amwozeshe kwa niaba yangu, ila mimi walii, mwenye haki ya kumwozesha, ndiye nimpe uwakala, mbele ya watu, kwa simu ya picha. Na nikahi ikisha simu ile itapelekwa kwa wanawake, na huku kwetu wanaume tutatoka ukumbini, aingie Bi Rukia na wenzake wamwone Salma kwenye televisheni, kisha nami niitwe nimwombee dua uso kwa uso. Hilo ndilo tulilokuwa tunalingojea, si pilau wala si maneno. Bi Rukia alitoa leso mpya sandukuni, akaitia udi siku tatu kabla, na nikamkuta anafuta kioo cha televisheni kwa siki.

Asubuhi ya siku yenyewe wakatuletea kiungo cha mkutano, wa programu nyingine, inayopita kule. Nilikiona. Nikasema, kiungo ni kiungo, kitafunguka saa yake. Hapo ndipo Mola aliponiachia nafsi yangu.

Wageni wakafika. Mzee Abdalla, ami yake bwana harusi, mtu wa mji wa Lamu, wa nyumba kongwe, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake, alishuka bandarini Mtangawanda na jamaa zake wawili, wakaja Chundwa kwa bodaboda na wakashuka bila vumbi, sijui walifanyaje. Tukawakaribisha kwa kahawa na halua. Mzee Abdalla akasema kwa upole, "Mwalimu, nipe waifai niwaarifu wenzetu tumefika." Nikampa neno la siri, na nikalisema kwa sauti ili wote walipate, maana nilijivunia waifai yangu safi.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo sikulijua. Simu ikiingia kwenye waifai, kabla mwenyewe hajagusa kitu, huenda yenyewe kimyakimya kwenye tovuti ya waliounda simu kuhakikisha kama mtandao upo. Tovuti hiyo sikuwa nimeiruhusu. Kwa hiyo simu ya Mzee Abdalla, mkononi mwake, bila yeye kutafuta lolote, ikarukiwa na ukurasa wangu. Mimi niliyechukia kurasa zinazorukia watu nilikuwa nimetengeneza moja.

Mzee Abdalla alikuwa hana miwani. Akampa Athmani simu, "Hebu nisomee, wataka nini hawa?" Na Athmani, kati ya watu wote, akasimama akasoma kama anasoma hotuba:

"Ewe mja. Ulichokitafuta hapa ni uchafu, na Mola wako anakuona. Funga simu, katawadhe, ulete istighfari."

Mzee Abdalla akasema taratibu, "Mimi sikutafuta kitu."

"Simu ndiyo isemayo," Athmani akamjibu.

Papo hapo jamaa mmoja wa Mzee Abdalla akaichungulia simu yake, akaigeuza kifudifudi pajani. Na wa pili akaitia mfukoni haraka kwa uso wa mtu aliyefumwa. Nikajaribu kucheka, nikasema ni mitambo, ni mpango wangu wa kuwalinda watu wa nyumba. Mzee Abdalla akaniuliza, "Kuwalinda na nani, na sisi?" Nikaona dawa ni kuharakisha shughuli yenyewe, nikakimbilia kompyuta, nikafungua kiungo cha mkutano, na televisheni nzima ikawa nyekundu, na sauti yangu, ile ya mimbari, ikatoka kwenye spika nilizoazima msikitini kwa ajili ya siku ile, ikapita ukumbini, ikapita pazia la wanawake, ikatoka mpaka ndiani: EWE MJA, ULICHOKITAFUTA HAPA NI UCHAFU.

Na kilichotafutwa hapo kilikuwa nikahi ya mwanangu.

Nyuma ya pazia nikamsikia Bi Rukia, "Kwani wamwambia nani?"

Nikaingia kwenye maandishi ya kompyuta, nikaiongeza ile programu ya mkutano kwenye vilivyoruhusiwa. Ukurasa ukafunguka nusu, mweupe, ukasimama, kwa sababu (hili nililijua baadaye) tovuti moja kubwa huwaita wenzake wengi nyuma yake, nami nilikuwa nimemfungulia bwana nyumba na kuwafungia watumishi wote waliobeba vyombo. Nikaruhusu mwingine, bado. Athmani amekaa nyuma yangu na kikombe chake, akasema, "Shemeji, darsani hutufundisha kwamba asili ya vitu ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Mbona nyumbani mwako asili ni marufuku?" Kanuni hiyo nilimfundisha mwenyewe.

Basi nikasema nifute ule mstari mmoja wenyewe, yaishe. Kwa haraka yangu nikafuta na alama moja isiyohusika, ile programu ya kuelekeza simu ikakataa kuwaka kabisa, na hata watsapu ikafa. Sasa hapakuwa na onyo wala mkutano, palikuwa na kioo kitupu kilichofutwa kwa siki.

Kule nako shekhe alikuwa na miadi nyingine. Na simu za kawaida ndani ya nyumba yetu hazishiki, kuta ni nene za mawe, hushika juu sakafuni, kwenye paa tambarare, peke yake. Tukapanda ngazi: mimi, Mzee Abdalla ameshika kanzu yake isiguse ukuta, Athmani, na wale jamaa wawili, tukajipanga juu ya nyumba karibu na nguo zilizoanikwa, nikampigia shekhe simu ya sauti. Laini inakatika. Ikabidi nipaze sauti, "Nimekuwakilisha kumwozesha binti yangu Salma," naye anasema, "Nani?" nami narudia, mpaka mtaa wote ukajua namwozesha Salma, na jirani, ambaye alikuwa anaanua kanga juu ya nyumba yake, akapiga kigelegele kabla shekhe hajasikia vizuri. Mara ya nne akasema, "Nimekubali." Kisha simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Mzee Abdalla akasema, "Uwakala umetimu, Mwalimu. Mashahidi tupo." Nilimshukuru kwa neno lile, na nitamshukuru mpaka nife, maana angeweza kusema mengine.

Tukasimama tukingoja juani. Baadaye ujumbe mfupi ukaingia: nikahi imepita, tabaraka Allah, bibi harusi anapelekwa kwa mumewe. Yaani yote yalikwisha. Mkutano ulikuwa umefungwa, kila mmoja kule ameshaenda zake.

Niliposhuka nikawakuta wanawake wamekaa ukumbini mbele ya televisheni nyeusi, wamevaa, wamejitia manukato, hakuna aliyewaambia waondoke. Bi Rukia yuko mbele kabisa, leso mpya mabegani. Nikamwambia, "Imetimia. Mwanao ameolewa." Akasema alhamdulillahi, na wenzake wakasema alhamdulillahi, kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kulaumu, "Alivaa nini?"

Sikujua. Walii nimeulizwa bibi harusi alivaa nini, nami sikujua.

"Nalitaka kumuona kwa mato tu," akasema. Akainuka kwenda kupakua pilau, kwa sababu wageni ni wageni.

Ile sauti yangu niliifuta siku iliyofuata, pamoja na ukurasa mwekundu na ule mstari mmoja, nikarudi kwenye kazi ya kunguru, kumfukuza mmoja baada ya mmoja. (Athmani alikuwa ameshairekodi sauti hiyo kwenye simu yake. Akipigiwa, ndiyo inayolia. Namwombea.)

Ijumaa Salma akatupigia kwa ile programu ya mkutano, na safari hii ikapita. Alikuwa jikoni kwake, nguo za nyumbani, anamenya vitunguu, anacheka na kulia, akasema ni vitunguu. Gauni la harusi lilikuwa la kuazima, ameshalirudisha. Nikamwombea ile dua niliyoiandaa, nikakatika katikati, akaitikia amini mahali ambapo si pake, nami sikumsahihisha. Kisha Bi Rukia akasema, "Nyosha mkono, mwanangu." Salma akausogeza mkono karibu na kamera, hina imeshapauka, imebaki rangi ya chai kwenye ncha za vidole. Bi Rukia akauangalia mkono ule, akaniambia mimi nisiuguse mtambo.

Nimeapa tangu siku ile sizuii kitu nyumbani kwa rai yangu peke yangu. Ukinirukia ukurasa mbaya naandika jina lake, nampelekea Bi Rukia, ambaye hajui kompyuta wala hataki kuijua, naye haniulizi ukurasa una nini wala umetoka wapi. Huniuliza, "Ukifunga hapo, Salma atapita?" Nikisema sijui, tunauwata wazi, hatuufungi, na ukija tena tunaangalia dari.