Breki Iliyozama Mara Moja

Iko siku moja, mwanangu Raya, ambayo naikumbuka kama ya juzi, na sijapata kukuhadithia. Ningekuhadithia jana ulipokuja kula kwetu, lakini nyumba ilijaa watu, shangazi zako wanazungumza wote kwa pamoja kama kawaida yao, na wewe ulikuwa na haraka ya kurudi Al Khoudh. Kwa hiyo leo nimekaa peke yangu hapa Ansab, nimezima televisheni, nnakuandikia taratibu. Usome ukiwa umetulia. Ukipenda wasomee na wenzako wa rika lako, maana sidhani kama ni wewe tu unayeihitaji.

Jana ulisema jambo ukalipitisha kwa kicheko. Ulisema ile shiyuli yenu ya pale kazini kwako, kwenye mabanda ya farasi, hicho kigari cha umeme chenye ndoo mbele unachobebea majani na samadi, Alkhamisi ulipokanyaga breki kanyagio lilizama chini kuliko kawaida. Mara moja tu, kisha likawa sawa. Nikakuuliza umemwambia nani.

"Sijamwambia mtu, Babu," ukasema. "Mimi bado mgeni pale, na mwanamke peke yangu. Nikisema, wataona nimeogopa."

Kisha ukaomba usogezewe mchuzi wa papa, na mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya binti wa jirani. Mimi nikabaki palepale. Chakula changu hata sikukimaliza, na bibi yako akadhani kimezidi chumvi.

Nilikuwa kijana, umri wako au chini yake kidogo. Tulikuwa tumefika Maskati kutoka Unguja, mimi na marehemu mama yangu, na Kiarabu changu kilikuwa cha kuungaunga. Nikenda dukani watu wananisikiliza kwanza, kisha wanacheka, kisha ndo wananiuzia. Masoud, ambaye tulisoma naye chuo kimoja cha Kurani Unguja na akatangulia kuja huku, ndiye aliyenisemea kazi kwenye ghala la vyakula kule Matrah. Mchele, unga, sukari, tende. Kazi yenyewe ilikuwa ya mabega. Nilikuwa nikirudi nyumbani mama ananisugua mgongo kwa mafuta ya moto.

Halafu mwenye ghala akaleta foklifti ya umeme, gari la kunyanyulia mizigo, lina vyuma viwili mbele kama uma. Alitaka ya umeme kwa sababu ya dizeli hutoa moshi, na moshi unaingia kwenye unga. Sisi tukaizunguka kama watoto. Kilichotushangaza ni ukimya wake. Chombo kikubwa kile, kinatembea nyuma yako wala husikii.

Msimamizi wetu alikuwa Ami Khamis, mtu wa kwetu Pemba, mfupi, sauti yake ya chini hata unamsogelea ili umsikie. Akanichagua mimi niendeshe. Nikamuuliza kwa nini mimi, na wengine wana siku nyingi kuliko mimi. Akanambia, "Nnakuona ukifunga mlango. Unaufunga, unakwenda, kisha unarudi kuuvuta uone umefungika kweli."

Hakuniachia mara moja. Kila asubuhi tuliizunguka pamoja kabla ya kuiwasha, yeye mbele mimi nyuma. Tunaangalia magurudumu. Tunainama kutazama chini, kama kuna mafuta yamedondoka. Tunashika minyororo inayonyanyua ule uma, tunaitazama pete kwa pete. Kisha napanda, naiendesha hatua chache bila mzigo, nakanyaga breki, nageuza usukani huku na huku. Betri za wakati ule zilikuwa za maji makali ya tindikali, na aliponifundisha kuziongeza maji alinivalisha miwani na glavu, akafungua milango yote upepo upite, na mtu mwenye sigara akamfukuza mpaka ng'ambo ya barabara. Akanikataza kumpandisha mtu kwenye uma hata akinibembeleza vipi. Akanikataza kutembea na mzigo uliokuwa juu. Uwe chini, karibu na ardhi, ndo uende. Na kwa kuwa chombo hakina sauti, alinitaka nipige honi kila pembe, nisimame, nitazame, kisha nipite. Wenzangu wakanipachika jina la Bwana Honi. Nikalizoea.

Sasa, siku yenyewe. Ilikuwa wiki ya kukaribia Ramadhani, na wewe unaijua Maskati inavyokuwa wiki hiyo. Kila nyumba inataka unga na mchele kwa pamoja. Malori yamejipanga nje mpaka njia imezibika, madereva wanapiga kelele. Nimeshapakia malori kadhaa, nashuka na mzigo kwenye kile kiteremko cha mlangoni, nikakanyaga breki. Kanyagio likazama. Gari likasimama, lakini likachelewa kidogo, kama mtu aliyeitwa akawa anafikiri kabla ya kuitika. Nikakanyaga tena. Sawa. Nikakanyaga mara ya tatu. Sawa kabisa, gumu kama jiwe.

Nikateremsha mzigo, nikakaa pale kitini. Masoud alikuwa karibu, akaona uso wangu. Nikamwambia.

"Sasa hivi iko vipi?" akaniuliza.

"Sasa hivi iko sawa."

"Basi endelea, bwana. Wewe umechoka tu. Ukiisimamisha leo, hayo magunia yote tutayabeba sisi."

Na mimi, mwanangu, nilitaka kuendelea. Usidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa mgeni, Masoud ndiye aliyenitia kazini, na sikuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa hisia ya mguu. Lakini kwenye kiteremko kile wachukuzi walikuwa wakipita chini, wanapishana na mimi, wengine vichwa vyao vimefunikwa na magunia hawaoni hata mbele. Niliwatazama, nikazima, nikashusha uma mpaka chini, nikachomoa ufunguo, nikenda kwa Ami Khamis.

Nilijitayarisha kuulizwa kama nna hakika. Hakuniuliza. Aliniuliza nilikuwa wapi, nna mzigo gani, na mguu wangu ulihisi nini. Nikamweleza. Akauchukua ufunguo, akautia mfukoni, akasema, "Leo haiendi tena. Twende tukabebe."

Tukabeba. Ami Khamis naye akavua joho la heshima yake akabeba, na hakuwa kijana. Joto lilikuwa la kukatisha pumzi. Watu hawakunitukana, bora wangenitukana. Walinitazama tu wakipita na magunia. Ila Masoud alinipita na gunia begani, akanambia kwa sauti ndogo, "Umeogopa, na woga wako tumeubeba sisi." Baada ya hapo hakunitazama tena siku nzima.

Baada ya Alasiri fundi akaja. Akaipanda, akaenda mbele, akarudi nyuma, akakanyaga breki mara nyingi. Akafungua, akachungulia, akafunga. Tukawa tumemzunguka wote, nguo zimetulowa jasho, mabega yamechubuka. Akapangusa mikono yake akasema, "Sioni kitu. Ni nzima."

Sijui nikueleze vipi aibu ile. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilimsikia mtu nyuma yangu akicheka puani.

Ami Khamis akageuka zake. Alikwenda akachukua birika la kahawa, akaita watu wote wakae. Wewe unajua huku kwetu kahawa inavyomiminwa, mkubwa au mgeni kwanza. Yeye akaja na finjani ya kwanza mpaka kwangu, mdogo kuliko wote, akanipa mkononi. Wazee wakatazamana.

"Suleiman ndo anayeanza leo," akasema. Ilibidi watu waache kunong'ona ili wamsikie. "Amesikia kitu mguuni, akasimama, akaja kunambia. Fundi hakukuta kitu, Alhamdulillahi. Hivyo ndivyo ninavyotaka. Iko siku mmoja wenu atasikia kitu, na fundi atakikuta. Siku hiyo nnataka aje kwangu kwa miguu myepesi kama alivyokuja huyu. Mkimcheka leo, siku hiyo hatokuja mtu."

Kisha akamwambia fundi abadilishe kile kifaa kinachosukuma mafuta ya breki, kiwe kibovu kisiwe kibovu, na kanyagio halikuzama tena. Kama lilikuwa bovu kweli au mguu wangu ulichoka, mpaka leo sijui. Nimezeeka sijui.

Masoud aliendelea kuninunia. Ramadhani ikapita hivyo, tunafuturu sinia moja anaelekea upande wa pili. Iliniuma kuliko magunia. Nilikuwa nikirudi nyumbani namwambia mama kwamba nimempoteza rafiki kwa kitu ambacho hakikuwepo, naye anasema, "Mpe muda," na anasugua mgongo.

Baada ya Idi, Ami Khamis akaanza kumfundisha Masoud naye kuendesha, tupokezane. Asubuhi moja ilikuwa zamu yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwelekeza chini, kwenye njia nyembamba baina ya safu za magunia, karibu na uma. Akanyanyua mzigo usawa wa kiuno changu, kisha akausimamisha. Akauteremsha pole pole mpaka sakafuni, akazima, akashuka. Nikamuuliza kuna nini. Akanipita kwenda kwa Ami Khamis. Nilimsikia akisema, "Ami, mnyororo umelia. Mara moja tu. Labda si kitu."

Safari hii fundi hakuhitaji hata kuchungulia sana. Pete moja ya mnyororo ilikuwa na ufa, imebaki kushikana kwa unene wa kucha. Akaonyesha kwa ncha ya bisibisi, na sote tukainama kutazama. Mzigo ungepanda mpaka kule juu ulikokuwa ukienda, usingekaa, ungeniangukia mimi.

Masoud aliitazama ile pete, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama pale nilipokuwa nimesimama. Akatoka nje. Nikamfuata, nikamkuta amechutama kwenye kivuli cha ukuta, anajipangusa uso kwa kofia yake.

"Nilitaka kunyamaza," akanambia. "Wallahi nilitaka. Nikaona watanicheka. Halafu nikakumbuka wewe ulivyopewa kahawa mbele ya watu wote." Akaivaa tena kofia. "Nisamehe, ndugu yangu."

Nikamwambia yamepita. Nilikaa naye pale kivulini mpaka tukaitwa. Huyu ndiye yule Babu Masoud wa Azaiba unayemwona akija kwetu kila Idi, anayewapa peremende watoto na bibi yako anamgombeza. Basi sasa unajua.

Mwanangu, mimi shiyuli yako sijaiendesha, na mambo ya betri za sasa wewe umesomea, mimi sikusomea. Lakini nimeiona kwenye zile video zako, na nna machache. Haina sauti, na farasi wanaipenda kwa hilo, lakini watu hawaisikii, na anayesafisha banda ameinama hakuoni. Piga honi, msubiri akutazame machoni ndo upite. Ndoo iwe chini unapotembea, hasa ukikata kona, maana kigari chenyewe kinajikunja katikati, na mzigo ukiwa juu kinapinduka upesi. Mkanda ufunge hata kama unakwenda pale na hapa. Usiingize mkono wala kichwa chini ya ile mikono ya chuma ikiwa juu mpaka utie kile chuma cha kuizuia, na ukishuka, ndoo ardhini, breki ya mkono, ufunguo mkononi. Simu iache mfukoni, nami nikikupigia usipokee. Ukimaliza kazi kwenye jua hili la kwetu, ipumzishe kivulini ipoe kabla ya kuichaji, waya usiukanyage, na plagi iwe kavu. Unapoiosha, maji ya kasi usiyaelekeze kwenye mambo ya umeme. Betri ikinuka, ikivimba, au ikiwa ya moto kupita kiasi, usiifungue wala usiiguse. Ondoka, ondoa watu, uite wanaohusika. Na asubuhi izunguke kwanza. Hata ukichelewa, izunguke.

Haya yote utayasoma kwenye kitabu cha mashine. Lisilokuwemo kitabuni ni hili: mguu wako ukikwambia kitu, usiubishie kwa sababu ya macho ya watu. Kesho Jumapili, kabla hujaiwasha, nenda kwa msimamizi wako umwambie, "Alkhamisi breki ilizama mara moja, nikiwa mahali fulani, na mzigo fulani. Sitoiendesha mpaka itazamwe." Sema hivyohivyo, usiongeze wala usicheke. Wakiona kibovu, sawa. Wasipokiona, sawa vilevile. Akisema umeogopa, mwambie ndiyo. Na siku utakayokuwa mkubwa wewe, akaja mgeni akakwambia amesikia kitu, usimuulize kama ana hakika. Chukua ufunguo kwanza.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, mwanangu, akuhifadhie mikono yako na miguu yako, na awahifadhi wote wanaopita mbele na nyuma ya chombo chako. Akupe wakubwa wanaosikiliza na wenzako wanaosema kweli. Na kila Ijumaa akulete kwetu mzima, ule mpaka ushibe, nami nikutazame.