Ngamia wa Chuo

Juma lililopita mzee mmoja aliingia ofisini kwangu hapa Garissa na binti yake, akaniwekea mezani barua ya kuitwa chuo kikuu. Zilibaki siku sita binti aripoti. "Sasa mimi naanza wabi?" akaniuliza. Nilimpa kiti, nikampa fomu za basari, nikamwelekeza ofisi ya pili, na muda wote huo viganja vyangu vilikuwa vimelowa jasho kana kwamba barua ni yangu. Hofu ile naijua, rafiki yangu. Niliijua nikiwa na miaka kumi na mitatu, kule Griftu, upande wa Wajir.

Wakati wa masomo nililala kwa shangazi, mjini. Shule ikifunga nilikimbilia kwa bibi, mama wa baba, ambaye nyumba yake haikukaa mahali pamoja. Ilikuwa ya fito zilizopindwa na mikeka aliyoisuka mwenyewe, na mvua zikikatika aliivunja asubuhi moja, akaipakia yote juu ya dume lake la ngamia la mizigo, akawafuata ngamia wa baba walikokwenda. Kufikia alasiri nyumba ilikuwa imesimama mahali pengine, na ndani ilinukia vilevile: uvumba, moshi, na maziwa ya ngamia katika vibuyu tulivyovifukiza kwa vijinga vya moto. Kazi yangu ilikuwa kufukiza vibuyu na kuokota kuni. Nilinung'unika sana, maana moshi uliniliza, lakini chai ya maziwa yale sijapata nyingine mfano wake, na usinitajie ya pakiti.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu, mtu wa bara, mwembamba na mkaidi, aliwaita wazazi wote shuleni. Aliwakalisha kwenye madawati yetu, magoti yakiwagusa videvu, akaandika ubaoni: karo, malazi, vitabu, nauli. Akasema kila nyumba imtengee mtoto mnyama mmoja tangu leo, asiguswe mpaka siku ya chuo. Wanaume wakacheka. Mtoto hajamaliza la sita, tayari mnamnunulia kitanda cha chuo?

Bibi hakucheka. Kwetu mtoto akizaliwa, siku ya kufungwa kitovu hutengewa ngamia jike, naye na uzao wake huwa mali ya mtoto huyo. Mara nyingi hupewa mvulana. Mimi bibi alinipa wake mwenyewe, watu wakamsema mpaka wakachoka. Basi siku ile akasimama kati ya madawati. "Mwalimu, wewe andika," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Huyu mtoto iko na ngamia. Hiyo ngamia si ya harusi, si ya mgeni. Ni ya chuo. Besa nakwisha, ngamia nazaa."

Mwalimu aliandika kweli. Tangu hapo mji mzima ukamwita ngamia wa chuo, na watoto wenzangu wakaniuliza kila Jumatatu amefika darasa la ngapi. Nilijifanya nimekasirika. Moyoni nilijiona mtu mkubwa.

Kisha ukaja ukame. Mizoga ililala kando ya barabara ya Wajir, na harufu yake ikaingia mpaka ndani ya chai. Baba aliondoka na ngamia wachache waliobaki, akaenda mbali kutafuta malisho. Penye nyumba ya bibi alibaki dume lake la mizigo, mbuzi kumi na kitu, na ngamia wangu aliyekuwa na ndama mchanga, hawezi safari. Kila asubuhi nilimtazama mbavu kabla sijanawa uso.

Katikati ya ukame huo, kijana mmoja wa ukoo wetu alimgonga mtu kwa pikipiki mjini Wajir, na aliyegongwa akafa. Kwetu jambo hilo si la mtu mmoja. Fidia hulipwa na ukoo wote, nyumba kwa nyumba, na mpaka ilipwe hakuna mwanamume wetu aliyethubutu kukanyaga soko la Wajir. Wazee watatu walifika kwa bibi baada ya swala ya alasiri. Walikunywa chai polepole, wakauliza habari za mvua ambayo wote tulijua haipo. Kisha mkubwa wao akamgeukia ngamia wangu.

"Katika fidia hii, nyumba hii imeangukiwa na ngamia mmoja," alisema.

"Huyo si wangu," bibi akajibu. "Wala si wa mwanangu. Mwenyewe ndiye huyo, muulizeni."

Wakanitazama mimi, mwenye kibuyu mkononi na machozi ya moshi usoni. Sijawahi kuogopa vile, wala siku ya mtihani wa mwisho. Niliwaza vijana wetu wakiviziwa Wajir kwa sababu yangu. Niliwaza baba akiambiwa binti yake aliwanyima wazee. Nikamtazama bibi anisaidie, naye akainama anachochea moto.

"Maandhay, mwanangu, unasemaje?" mzee aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililonitisha zaidi.

"Adeer, ami yangu, nisamehe," nikasema. "Ni wa chuo."

Mmoja aliweka kikombe chini nikasikia mchanga ukikwaruza. Nilingoja laana. Bibi akasimama, akajipangusa majivu, akaenda kumfungua dume lake la mizigo. Akawakabidhi kamba. "Pamoja na mbuzi wote," alisema. "Imetosha?" Wazee walinong'onezana kidogo, wakasema imetosha, wakamwombea dua.

Mimi nilifurahi, rafiki yangu. Huo ndio ukweli, na unanichoma. Nilimkumbatia ngamia wangu shingo nikacheka, kumbe nyuma yangu dume linaondoka, na kwa upumbavu wa kitoto sikujiuliza nyumba itabebwa na nini.

Haikubebwa tena. Baba alipotuma ujumbe kwamba malisho yamepatikana kaskazini, jamaa wote walihama, wakamchukua ngamia wangu na ndama wake. Bibi alibaki. Alihamia chumba cha mabati uani kwa shangazi, akatandika mikeka yake juu ya saruji, na fito zikaishia jikoni moja moja. Kuni kavu hizo, shangazi alisema, zawaka vizuri. Bibi aliishi miaka saba humo, na hakuna siku aliyonilaumu. Alilalamikia joto tu.

Barua yangu ya chuo ilipofika, ngamia na wanawe wawili waliuzwa katika mnada wa Griftu, na kila alichokiandika mwalimu ubaoni kikalipika. Nilimsomea bibi barua hiyo neno kwa neno, nikiitafsiri. Hakuuliza nitasomea nini. Aliuliza kama huko Garissa nitakuwa na mahali pangu pa kulala.

"Ninapo, ayeyo. Tumeshalipia."

"Alhamdulillahi," akasema, akageukia ukuta wa mabati.

Siku hizi hata Griftu nyumba za mikeka zimepungua, na wasichana wanaoweza kusimamisha moja kabla ya jua kuzama sidhani kama wapo. Mimi siwezi. Nilifundishwa mambo mengi kwa ngamia yule, lakini aliyejua kuzipinda fito alikuwa bibi, nami ndiye niliyemkalisha mahali pamoja.